Ruzuku za Serikali ya Marekani za Kuwaandaa Madaktari wa Huduma za Msingi Kuwa Walimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa na madaktari wenzangu. Wengi ni wazungumzaji wa Kiswahili wanaofanya kazi Marekani, na wachache wako Dar es Salaam, Nairobi na Eldoret, wakitaka tu kujua wenzao wanafanyaje. Nimekaa miaka kadhaa upande wa wanaoandika maandiko ya kuomba fedha hizi, si upande wa wanaozitoa. Kwa hiyo utakuta humu maoni yangu yamechanganyika na maelezo ya sheria. Pale penye maoni nitasema.

Ruzuku hizi ni zipi hasa?

Ni fedha za serikali kuu ya Marekani zinazotolewa na shirika liitwalo HRSA, lenye makao yake Rockville, Maryland, chini ya wizara ya afya ya nchi hiyo. Msingi wake ni kifungu cha 747 cha Sheria ya Huduma za Afya ya Umma. Kwa kuwa kifungu hicho kimo katika sehemu ya saba ya sheria hiyo, wanaohusika huzungumza tu kuhusu "fedha za Title VII", na ukitaja jina hilo katika idara yoyote ya tiba ya familia Marekani utaeleweka bila maelezo.

Kifungu hicho kinaruhusu mambo kadhaa. Moja ni kuanzisha na kuendesha programu za kuwafundisha madaktari wanaokusudia kuwa walimu katika tiba ya familia, tiba ya jumla ya watu wazima au tiba ya jumla ya watoto. Jingine ni kuwafundisha madaktari wanaofundisha nje ya hospitali kubwa, yaani kwenye vituo vya afya na kliniki za mitaani na vijijini. La tatu ni kuwalipa posho madaktari walio ndani ya programu hizo, wanaojiandaa kufundisha au kufanya utafiti katika fani hizo tatu.

Mizizi yake ni miaka ya 1970. Tiba ya familia ilitambuliwa rasmi Marekani kuwa fani ya ubingwa mwaka 1969, na mara ikaonekana tatizo ambalo halikuwa limefikiriwa vya kutosha: ubingwa umeanzishwa, vyuo vinataka idara, lakini walimu watatoka wapi? Waliokuwepo walikuwa madaktari wa mitaani wenye uzoefu wa miaka ishirini na wagonjwa, na siku sifuri ya kufundisha darasa. Bunge la Marekani likaanza kutoa fedha kwa tiba ya familia mwaka 1971, na sheria ya mwaka 1976 ikawaingiza madaktari wa jumla wa watu wazima na wa watoto.

Kwa nini daktari alipiwe kujifunza kufundisha? Si anaijua kazi yake?

Kuijua kazi ni kitu kimoja, kumwachia mwingine aifanye huku wewe umekaa pembeni ni kitu kingine. Kila aliyepita wodini anamkumbuka bingwa mmoja ambaye mikono yake ilikuwa dhahabu, ila raundi yake ilikuwa adhabu. Unaulizwa swali, unanyamaza, anakujibu yeye mwenyewe kwa hasira, mnasonga kitanda kinachofuata. Ujuzi alikuwa nao. Ualimu hakuwahi kufundishwa na mtu.

Lakini sababu iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni muda. Daktari wa huduma za msingi Marekani hupimwa kwa idadi ya wagonjwa anaowaona, na kila aina ya ziara ina alama zake ambazo mwisho wa mwezi hugeuka mshahara. Ukimweka mwanafunzi pembeni yake, wagonjwa wanapungua au siku inarefuka. Mwajiri anaona pengo kwenye hesabu; daktari anaona watoto wake wamelala akirudi nyumbani. Kwa hiyo, chochote kitakachoandikwa kwenye tangazo la ruzuku, kitu ambacho fedha hizi hununua ni saa. Saa za daktari ambazo kliniki haitazidai. Ukilielewa hilo, masharti mengi yaliyobaki yanaanza kuleta maana.

Wanafundishwa nini?

Inategemea programu. Vyuo kama Michigan State University na University of North Carolina vimeendesha kwa miongo kadhaa mafunzo ambamo daktari haachi kazi yake: anakuja siku chache kila baada ya muda, anarudi kliniki kwake na kazi ya kufanya, anakuja tena. Wanasoma kupanga mtaala, kutathmini wanafunzi, kuongoza idara, kuandika makala ya kitaaluma, kuandika andiko la mradi. Lakini moyo wa mafunzo ni kufundisha mbele ya mgonjwa, mahali ambapo una dakika tano tu na watu wanasubiri kwenye benchi.

Njia inayofundishwa karibu kila mahali ina hatua tano, na ilichapishwa mwaka 1992 na madaktari wa familia wa Seattle. Nitaionyesha kwa mfano, maana ukiisoma kama orodha inaonekana kitu cha kitoto.

Mwanafunzi anatoka chumbani. "Mama wa miaka 61, anakohoa wiki tatu, kikohozi kikavu, hana homa, mapafu yako safi. Mwezi uliopita alianzishiwa lisinopril kwa ajili ya presha." Ananyamaza, anakutazama. Hapo ndipo mwalimu asiyefundishwa hujibu mwenyewe: "Ni dawa hiyo, mbadilishie." Amemaliza kwa sekunde nne, na mwanafunzi hajapata kitu.

Aliyefundishwa huuliza kwanza: "Wewe unadhani ni nini?" Mwanafunzi lazima aweke mguu mahali. Anasema, tuseme, mkamba. Mwalimu hamkatishi. Anauliza: "Nini kimekufanya ufikirie hivyo? Ungeona nini zaidi kama ungekuwa mkamba?" Sasa mwanafunzi anaanza kujisikia mwenyewe: homa hakuna, makohozi hakuna, na kikohozi kilianza lini? Baada ya kidonge. Hapo mwalimu anampa kanuni moja, moja tu: kwa mtu aliyeanzishiwa dawa za kundi hili akapata kikohozi kikavu, chunguza orodha ya dawa kabla hujaandika eksirei. Kisha anamwambia alichofanya vizuri, na kwa kukitaja: "Ulimuuliza dawa anazotumia na tarehe alizoanza, bila hilo tusingefika hapa." Mwisho anamsahihisha kilichopungua: hakuuliza kama mama anavimba midomo au uso, hatari nyingine ya dawa hizo hizo.

Dakika tatu, labda nne. Mgonjwa hakuchelewa sana. Hili halimjii daktari kwa kuzaliwa; linafundishwa, linarudiwa mbele ya wenzako, wengine wakikutazama na kukukosoa. Daktari mmoja mtu mzima, aliyekuwa na miaka thelathini kazini, aliniambia kwamba kilichomshinda hakikuwa kuuliza swali la kwanza. Kilichomshinda ni kunyamaza baada ya kuuliza.

Mimi ni daktari binafsi. Naweza kuomba?

Kwa kawaida, hapana. Anayeomba ni taasisi: chuo cha udaktari, hospitali ya umma au ya binafsi isiyo ya faida iliyoidhinishwa, programu ya madaktari wasaidizi yenye uhusiano na chuo, au taasisi nyingine isiyo ya faida ambayo wizara imeona ina uwezo wa kuendesha mradi. Wewe unaingia kama mkufunzi, kama mkuu wa mradi, au kama daktari anayefundishwa ndani yake. Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kujua kama idara unayofanya nayo kazi inayo ruzuku hiyo tayari, au kama ina mpango wa kuiomba.

Iko milango inayomhusu mtu mmoja mmoja. Mwaka 2018 HRSA ilitangaza tuzo za kuwakuza walimu wachanga wa huduma za msingi na wa meno, na upo mpango wa namna hiyo kwa walimu wa tiba ya wazee. Hata hizo, ombi hupitia kwenye taasisi yako. Na upo msaada wa kulipiwa mkopo wa masomo, nitaufikia chini.

Si raia wa Marekani. Nimetengwa?

Matangazo ya HRSA ya fedha za mafunzo kwa kawaida husema kwamba anayenufaika kama mwanafunzi lazima awe raia, au mtu mwenye haki ya ukaazi wa kudumu. Mwenye kadi ya kijani yumo. Mwenye viza ya muda, ikiwemo J-1 ambayo madaktari wengi wa kwetu huingia nayo kusomea ubingwa, hayumo.

Naongeza jambo moja kwa sababu linawahusu wasomaji wengi. Daktari wa J-1 aliyesamehewa sharti la kurudi nyumbani kwa miaka miwili kupitia mpango wa Conrad, ambao kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka, huwa amefungwa miaka mitatu kwenye eneo lenye upungufu wa madaktari. Maeneo hayo ndiyo hasa ruzuku za ualimu zinayolenga. Hakuna kinachomzuia kumsimamia mwanafunzi akiwa kazini, mradi mkataba wake wa saa za kuona wagonjwa unatimizwa. Wengi wameanza kufundisha hivyo, bila posho yoyote, na karatasi zilipokamilika wakawa tayari na uzoefu wa kuandika kwenye wasifu.

Fedha inalipa nini, na hailipi nini?

Inalipa sehemu ya mshahara wa wakufunzi na waratibu kulingana na muda wanaoutoa, posho za wanaofundishwa, safari za mafunzo, vifaa vya kufundishia, tathmini. Haijengi majengo. Hailipii matibabu ya wagonjwa. Wala haiwezi kuchukua nafasi ya fedha ambazo taasisi ilikuwa tayari inazitumia kwa kazi hiyo hiyo; sheria inakutaka uendelee kutoa chako kama ulivyokuwa ukitoa, ruzuku ije juu yake.

Kuna vizuizi viwili vinavyowaumiza watu kichwa. Cha kwanza ni kikomo cha mshahara. Fedha za HRSA haziwezi kutumika kulipa mshahara wa mtu kwa kiwango kinachozidi daraja fulani la watumishi wa ngazi ya juu wa serikali. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa dola 225,700 kwa mwaka. Tuseme chuo kinamlipa daktari dola 280,000 na anatoa asilimia 20 ya muda wake kwa mradi. Asilimia 20 ya mshahara wake ni dola 56,000. Ruzuku italipa asilimia 20 ya kikomo, yaani 45,140. Zile 10,860 zinazobaki ni za chuo. Kwa mtu mmoja si neno. Kwa wakufunzi sita, mkuu wa idara anaanza kukuuliza kama kweli mradi huu ni wa lazima.

Cha pili ni gharama za uendeshaji, zile ambazo chuo hukata kwa ajili ya umeme, uhasibu na ofisi. Kwenye ruzuku za utafiti, vyuo vikubwa Marekani hupata hata zaidi ya nusu juu ya gharama za moja kwa moja. Kwenye ruzuku za mafunzo za HRSA, kikomo ni asilimia 8. Usishangae basi ofisi ya ruzuku ya chuo chako ikikimbilia andiko la utafiti wa saratani na la kwako likabaki chini ya rundo. Kwa ofisi hiyo, kazi ya karatasi ni ile ile na mapato ni kiduchu.

Muda wa ruzuku ni upi?

Miaka mitano kwa mujibu wa kifungu cha 747, ila fedha hutolewa mwaka kwa mwaka. Mwaka wa pili unategemea maendeleo yako ya mwaka wa kwanza, na kama Bunge limetenga fedha.

Kwa jumla ni kiasi gani?

Sheria ya CARES ya mwaka 2020, ile ya janga la korona, iliweka dola 48,924,000 kwa kila mwaka wa fedha kuanzia 2021 hadi 2025 kwa kifungu chote cha 747. Kumbuka fungu hilo ni la mambo mengi: mafunzo ya marezidenti, yaani madaktari wanaosomea ubingwa, mafunzo ya madaktari wasaidizi, ambao sheria inawatengea asilimia 15, na walimu. Sehemu ya walimu ni kipande cha kipande.

Linganisha na hili. Medicare, bima ya serikali ya wazee, imekuwa ikilipa hospitali kwa ajili ya kuwafundisha marezidenti tangu ilipoanzishwa mwaka 1965, na siku hizi fedha hizo huzidi dola bilioni 10 kwa mwaka. Hata ukizihesabu bilioni 10 tu, kifungu cha 747 kizima kinaingia humo mara zaidi ya mia mbili. Fedha hizo za Medicare hufuata vitanda vya hospitali, na huduma za msingi hazilali kitandani. Hapo ndipo mimi naona kasoro kubwa kuliko zote katika mfumo huu: anayefundishia hospitalini amewekewa bomba la maji, anayefundishia kliniki anapanga foleni na ndoo kila baada ya miaka mitano.

Kuna vituo vya afya vinavyofundisha marezidenti kwa fedha za serikali. Si ndiyo hizi hizi?

Hapana, ingawa ni ndugu. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 ilianzisha mpango wa vituo vya afya vya kufundishia, ambapo fedha za kuwafundisha marezidenti zinakwenda kwenye kituo cha jamii badala ya hospitali. Bunge lilianza kwa kuutengea dola milioni 230 kwa miaka 2011 hadi 2015. Mpango huo humlipia rezidenti. Kifungu cha 747 ndicho kinachoweza kumwandaa atakayemfundisha. Kituo kinachotaka kuanza kufundisha marezidenti hugundua haraka kuwa kinahitaji vyote viwili.

Nasikia idhini ya sheria inaisha. Niache kuomba?

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Idhini ni sheria inayosema programu iwepo na kwa kiwango gani. Fedha ni uamuzi mwingine, unaofanywa kwenye bajeti ya kila mwaka. Idhini iliyowekwa mwaka 2010 ilifika kikomo mwaka 2014, na mpya haikuja hadi 2020. Katikati hapo Bunge liliendelea kutenga fedha kila mwaka na ruzuku zikatolewa. Kwa hiyo ratiba ya 2021 hadi 2025 kufika mwisho hakumaanishi, peke yake, kwamba mlango umefungwa.

Ila usalama haupo. Fedha za kifungu hiki zilishuka kutoka karibu dola milioni 89 mwaka 2005 hadi karibu milioni 41 mwaka 2006, na idara zilizokuwa zimeajiri watu kwa ruzuku hiyo ziliachwa zikihangaika. Marais wa vyama vyote viwili wamewahi kupendekeza kuzifuta au kuzipunguza fedha za Title VII, na Bunge likazirudisha. Machi 2025 wizara ilitangaza mpango wa kuiunganisha HRSA na mashirika mengine katika chombo kipya kimoja. Ushauri wangu: omba, lakini usimwajiri mtu kwa ahadi ya miaka mitano ambayo wewe mwenyewe umepewa mwaka mmoja mmoja.

Ombi linaanzia wapi?

Linaanza miezi mingi kabla ya tangazo. Taasisi lazima iwe imesajiliwa SAM.gov, mfumo wa serikali wa wote wanaofanya nayo biashara au kupokea ruzuku. Huko hupewa namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 12, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya DUNS tarehe 4 Aprili 2022. Usajili huhuishwa kila mwaka. Ombi lenyewe hutumwa kupitia Grants.gov, kisha mawasiliano yanaendelea kwenye mfumo wa ndani wa HRSA.

Nitakusimulia kilichonikuta. Katika kliniki moja niliyofanya kazi tuliandika andiko kwa wiki saba. Siku mbili kabla ya mwisho, tukagundua usajili wa SAM ulikuwa umekwisha muda wake, na aliyekuwa na nywila alikuwa ameacha kazi mwaka uliotangulia. Hakuna aliyekosea sana, na hakuna aliyeweza kutusaidia. Andiko lile liko kwenye kompyuta yangu hadi leo, zuri tu. Tangu siku ile, swali langu la kwanza kwa kila taasisi halihusu lengo la mradi wala mtaala. Nauliza: nywila ya SAM iko kwa nani?

Jambo jingine: si kila mwaka tangazo huwa la kuwaandaa walimu. HRSA hubadilisha mkazo. Mwaka mmoja ni afya ya akili ndani ya huduma za msingi, mwingine ni vijijini. Mwaka 2023 kulikuwa na tangazo la kuwafundisha watoa huduma kuwahudumia wagonjwa wasiokimudu Kiingereza na wenye ulemavu, jambo ambalo madaktari wanaozungumza Kiswahili wangekuwa na mengi ya kusema juu yake. Lakini ndani ya matangazo hayo mara nyingi kuna nafasi ya kuwaendeleza wakufunzi. Soma tangazo lote, usiishie kwenye kichwa.

Wahakiki wanatafuta nini?

Maandiko husomwa na watu wa nje ya serikali walio na ujuzi wa fani. Wanatoa alama kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye tangazo, kwa hiyo andika kwa mpangilio wa vigezo hivyo, hata kama unaona mpangilio wako ni mzuri zaidi. Kurasa zinazozidi kikomo hazisomwi.

Kinachoangusha maandiko mengi niliyoyaona ni kuahidi "kuboresha ubora wa ufundishaji" bila kueleza utajuaje umeboreka. Andika idadi ya wakufunzi, wanatoka kliniki zipi, watafundishwa saa ngapi, na nani ataketi nyuma ya chumba kuwatazama wakifundisha kabla na baada.

Juu ya alama kuna upendeleo wa kisheria. Programu ambayo wahitimu wake wengi huenda kufanya kazi kwenye jamii zenye upungufu wa huduma, au ambayo idadi hiyo imeongezeka kwa kiasi kikubwa katika miaka miwili iliyotangulia, husogezwa mbele. Programu changa ambayo haijatoa wahitimu wa kutosha ina njia yake ya kuomba upendeleo huo. Lakini lazima uuombe na ulete hesabu. Taasisi zisizofuatilia wahitimu wao wako wapi hupoteza hapa, hata kama nusu yao wako vijijini.

Tukiipata, kazi ya karatasi ni kubwa kiasi gani?

Kubwa. Kila mwaka kuna ripoti ya utendaji inayohesabu mwaka wa masomo, kuanzia 1 Julai hadi 30 Juni: kila aliyefundishwa, saa zake, mahali alipofundishia, na amekwenda wapi baada ya kumaliza. Kuna ripoti ya fedha. Weka mratibu kwenye bajeti tangu mwanzo. Daktari anayejaza fomu hizo usiku ni daktari ambaye ruzuku haijamnunulia saa yoyote.

Nafundisha wanafunzi kliniki kwangu bila malipo. Hakuna chochote kwa ajili yangu?

Kuna mambo matatu ya kutazama. Baadhi ya majimbo hukupunguzia kodi ya mapato kwa kuwasimamia wanafunzi bila malipo. Georgia ndiyo iliyoanza mwaka 2014, na Maryland, Colorado, Hawaii na South Carolina zikafuata. Kiasi ni kidogo na masharti ya saa hutofautiana.

La pili, HRSA ina mpango wa kuwalipia mkopo wa masomo walimu wa fani za afya waliotoka katika mazingira magumu: hadi dola 40,000 kwa miaka miwili ya kufundisha, chuo nacho kikichangia kwa kadiri ya makubaliano. Huu ni wa mtu binafsi.

La tatu, kama uko ndani ya National Health Service Corps, mpango wa serikali wa kupeleka watoa huduma kwenye maeneo yenye upungufu, unalipa deni lako kwa utumishi, saa za kufundisha zinahesabika, hadi 8 kati ya 40 kwa wiki, na hadi 20 kama ni kwenye kituo cha afya cha kufundishia kinachofadhiliwa na HRSA. Nimekutana na madaktari walioogopa kufundisha miaka mitatu mizima wakidhani watavunja mkataba.

Fedha hizi zimeleta matunda?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa madaktari waliosoma kwenye vyuo au programu zilizopata fedha za Title VII walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya kazi kwenye vituo vya afya vya jamii na kujiunga na National Health Service Corps kuliko wenzao. Mpinzani atasema, na hakosei, kwamba vyuo vyenye moyo wa huduma za msingi ndivyo vinavyoomba fedha hizo tangu mwanzo. Kutenganisha mbegu na udongo hapo ni kazi ngumu.

Kwa upande wa walimu hasa, kipimo kinachopendwa ni kama mtu amebaki chuoni. Mimi ningependa wamuulize mwanafunzi wake.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Kifungu cha 747 hakivuki mipaka ya Marekani. Lakini HRSA yenyewe iliwahi kufika. Mwaka 2010, pamoja na mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI na taasisi za utafiti wa afya za nchi hiyo, ilianzisha mpango wa ushirikiano wa elimu ya udaktari barani Afrika, uliotengewa karibu dola milioni 130 kwa miaka mitano. Chuo cha KCMC cha Moshi, Chuo Kikuu cha Nairobi na Makerere vilikuwa miongoni mwa waliopata. Fedha zilielekezwa kwenye vyuo vya Afrika vyenyewe, navyo ndivyo vilivyochagua washirika wa ng'ambo.

Swali la walimu ni lile lile lililoikuta tiba ya familia ya Marekani mwaka 1969. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzisha shahada ya uzamili ya tiba ya familia mwaka 2005, nani awafundishe wa kwanza, wakati mabingwa wa fani hiyo nchini Kenya walikuwa wa kuhesabu kwa vidole? Wanaopanga mipango hiyo huku nyumbani wanaweza kuchukua wazo bila kusubiri ruzuku ya mtu: daktari wa wilaya anayesimamia wanafunzi apunguziwe saa za kliniki kwa maandishi, zikiwa kwenye ratiba ya kazi, na si kwa hisani ya mganga mkuu wa mwaka huo.

Nifanye nini kama sina haraka ya kuomba ila nataka kuuelewa mchezo?

Jiandikishe HRSA kuwa mhakiki. Hutafuta madaktari wenye uzoefu wa kufundisha, hasa wanaofanya kazi vijijini na kwenye jamii zenye upungufu wa huduma, na hulipa kiasi kidogo cha shukrani. Utasoma maandiko kadhaa ya wengine kwa kigezo kimoja kimoja, utayatetea au kuyakosoa mbele ya wahakiki wenzako, na ukimaliza utarudi kwenye rasimu yako ukiwa na kalamu nyekundu. Huwezi kuhakiki tangazo ambalo taasisi yako imeomba, kwa hiyo chagua mwaka ambao hamuombi.